Fundo la Saba Bustanini

Kamba ilikuwa na mafundo sita. Osea aliyafunga mwenyewe, na fundo la Osea hata panya walilipitia mbali, waliogopa kung'oka meno. Sasa mkewe Fides karudi kutoka bustanini, kakaa kwenye benchi la wodi, anauliza:

"Baba Watson, la saba umeliongeza lini?"

"La saba lipi? Mama Watson, hata kuhesabu kumekushinda?"

"Macho ndiyo yamenishinda. Vidole bado vyangu."

Osea akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikitoka hapo, mbuzi wa Vwawa wanaacha kula. Ila siku hiyo kilitoka na tundu katikati.

Ilikuwa Oktoba, enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha kama miaka mitatu, kwenye hospitali ndogo ya misheni juu ya kilima huko Mbozi. Ndui ilikuwa imemla Fides macho yote mawili. Tangu hapo hakwenda hata chooni bila kushikwa mkono, na aibu ile ilimuuma kuliko ndui yenyewe. Ndiyo maana Sista mzungu alipomwambia Osea, fundi mwashi, atengeneze bustani ya kuwarudishia wagonjwa nguvu, jamaa aliijenga kama vile Mungu atakuja kukagua. Njia haina ngazi hata moja, imelala sawasawa, ungeweka yai katikati lingepitiwa na usingizi. Matuta sita kayainua kwa mawe mpaka usawa wa kiuno, mgonjwa wa kiti cha magurudumu aguse majani bila kuinama. Na kwa vipofu, kamba ya katani pembeni mwa njia, kila tuta fundo lake: la kwanza mchaichai, la pili mnanaa, mpaka la sita, mawaridi. Unashika, unanusa, unajua uko wapi.

Osea alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: Fides atembee bila kushikwa mkono.

Kosa lilikuwa mawe. Nyuma ya kilima, kwenye njia ya miguu iendayo Mpemba, palikuwa na lundo kubwa la mawe. Kila mpita njia aliweka jiwe lake, akasalimia, akapita. Babu wa babu walifanya hivyo. Osea akaona mawe ya bure, akaleta mkokoteni wa ng'ombe, akalizoa lundo lote. Watu wakamshika shati.

"Mimi nimebatizwa," akajigamba, "tena kwa maji mengi, nusura mto ukauke! Mawe hayo hayanijui."

Kumbe yalimjua mpaka jina la ukoo.

"Hilo la saba lina harufu gani?" akamuuliza mkewe pale kwenye benchi, sauti imeshuka.

"Jiwe lililonyeshewa mvua."

Mvua haijadondoka tangu Mei.

Kesho yake jua la utosini, Lusungu akamwita kwa kidole. Lusungu alikuwa mchimba dhahabu wa Saza, jiwe lilimvunja kiuno, akawa mtu wa kiti. Mdomo wake ulikuwa mkali, ungeweza kunyoa ndevu. Siku hiyo alinong'ona.

"Fundi, leo nani kanisukuma?"

"Nani tena? Si dresa wako wa kufunga vidonda?"

"Dresa anakula ugali, namwona pale. Kiti kimekwenda chenyewe, fundi. Nikashika magurudumu, yakaniteleza mkononi kama samaki. Na ndege wote kimya. Nikasikia mtu anahema nyuma ya shingo yangu, taratibu, kama aliyechoka safari."

Osea akageuka. Alikwenda kwenye kamba, akafumba macho, akaanza kutembea: mchaichai, mnanaa, la tatu, la nne, la tano, mawaridi, na hapo alijua kuna nguzo ya mwisho na ukuta wa jiko, alivijenga kwa mikono yake, lakini mkono ukaendelea kuteleza kwenye kamba na miguu ikaendelea kwenda na ukuta haukuja, harufu ya mvua ikamjaa puani, baridi ikampanda magotini, kisha kiganja kikagusa fundo, na fundo lilikuwa la moto kama tumbo la mtoto mwenye homa, lina vivimbe vitano, na vile vivimbe vikafunguka polepole vikamshika vidole.

Akafumbua macho. Yuko mbele ya ukuta wa jiko, mkono wake umeshika hewa.

Alikimbia, na mbio zile sungura angeomba kufundishwa. Benchi la wodi tupu.

"Fides yuko wapi?"

"Si mmepishana bustanini?" dresa akashangaa. "Katoka sasa hivi."

Bustanini hapana mtu. Ila kamba ilikuwa inatikisika, fundo kwa fundo, kama inapita mkononi mwa mtu anayetembea.

Wakamwita Mama Enesi, mganga wa mitishamba, ambaye Sista alimkataza hata kukanyaga uani. Siku hiyo Sista mwenyewe alimfungulia lango. Bibi akanusa tuta la kwanza, akatema mate pembeni.

"Mwanangu, ulisalimia?"

"Sikusalimia, mama."

"Uliyachukua kwa mkokoteni?"

"Kwa mkokoteni."

"Yaliwekwa moja moja, kwa mkono. Rudisha hivyo hivyo. Usiombe msamaha kwa mdomo, mdomo wako tunaujua."

Hospitali nzima ikatoka. Wenye magongo, wenye bandeji, Lusungu na jiwe lake mapajani anasukumwa na kutukana. Kila mtu jiwe, salamu, kurudi. Osea alikwenda mara nyingi mpaka kivuli chake kikaomba kupumzika. Jua linagusa mlima, jiwe la mwisho likawekwa, na nyuma ya lundo akatokea Fides, nywele zinachuruzika maji.

"Mbona mnalia?" akauliza. "Nimetembea kidogo tu."

Mama Enesi akamtazama kwa muda mrefu. Akaondoka bila kupokea hata kuku wa malipo.

Osea akajenga upya matuta kwa matofali. Siku ya tatu kapiga magoti, udongo umemjaa mikono yote miwili, akamwona mkewe anakuja. Hakushika kamba. Alikata kona vizuri, akakwepa ndoo njiani, uso unacheka. Moyo wa Osea ukajaa furaha.

"Mama Watson! Unatembea mwenyewe!"

Fides akasimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka kidogo, vidole vimekunjwa juu ya kitu kisichoonekana.

"Mwenyewe vipi?" akasema taratibu, akageuza uso upande ule wa mkono. "Kwani si wewe umenishika?"