Ukuta wa Bibi Enesi

Jumatatu ile Roda aliamka na moyo mweupe. Alikunywa uji, akamwacha mumewe Osea akipalilia kahawa, akateremka kwenye nyumba ya kale na ndoo ya udongo kichwani. Chama cha Kutunza Majumba ya Zamani, watu wa kujitolea wasiolipwa hata chumvi, kilikuwa kimemkabidhi kazi ya kuusiriba kwa udongo ukuta wa magharibi, na Jumamosi alikuwa ameumaliza vizuri. Sasa alitaka kugusagusa tu pembeni.

Akakuta tundu.

Sehemu nyingine ya ukuta ilikuwa nzima. Ni pale pale tu karibu na sakafu, mahali penye upana wa mlango mdogo, udongo wote ulikuwa umekwanguliwa ukaanguka chini. Roda alitua ndoo, akashika kiuno. "Mbuzi wa nani hawa jamani?" alisema, ingawa alijua vizuri kwamba mbuzi hakwangui ukuta kwa mistari iliyonyooka.

Nyumba hiyo, juu kidogo ya Nanyala, ilijengwa na wamisionari kwa matofali mabichi enzi za Mjerumani. Sasa Mwingereza alikuwa akipanua barabara, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alishasema: atapita Jumamosi, akiikuta imara ataiacha, akiikuta na tundu itabomolewa ikawe kifusi. Mama yake Roda alibatizwa humo. Roda mwenyewe alifunzwa humo kusiriba na Bibi Enesi, mtunza nyumba, mwanamke mwenye vidole vinne mkono wa kushoto na ulimi unaowasha kuliko upupu. Kazi mbaya Bibi aliikwangua kwa gunzi la hindi mbele za watu, kisha akasema neno moja tu: "Anza." Alifia humo humo, zamani, wakati Roda na mumewe wakiishi mbali.

Basi Roda akaanza. Alichanganya udongo upya, akaingia ndani, akapiga magoti, akasiriba. Jumanne asubuhi tundu lilikuwa wazi. Akaziba tena. Jumatano lilikuwa wazi.

Hasira zilimpanda. Huku ni kutwanga maji kwenye kinu! Na wenzake, badala ya kumpa pole, walimcheka. Katibu wa chama, Mwalimu Danford, alikuja na viatu vyake vilivyopigwa rangi, akatazama.

"Mama Ezron, labda udongo wako una mchanga mwingi."

"Mwalimu, udongo ni ule ule wa kuta nyingine. Mbona zimesimama?"

"Mimi nasema tu."

Roda nusura ammwagie ndoo. Ni huyo huyo Mwalimu aliyeanzisha balaa lote. Siku ya kwanza ya kazi alikiona kiraka kikuukuu cha udongo mweusi pale ukutani, akasema kinachafua nyumba, akaagiza kibomolewe.

Alhamisi Roda alitia samadi ya ng'ombe kwenye udongo, akasiriba mpaka vidole vikachubuka. Danford akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Ijumaa kufuli lilikuwa mahali pake. Tundu lilikuwa wazi. Sakafuni, juu ya udongo uliokwanguliwa, palikuwa na gunzi la hindi. Lilikuwa bado limelowa.

Roda hakuliokota.

Alikwenda moja kwa moja kwa Nesta, mdogo wake Bibi Enesi, akamkuta akimenya maharage mlangoni. Akamweleza yote. Nesta alisikiliza, akashusha sauti.

"Hapo ndipo alipotolewa dada alipokufa. Sisi maiti hatumpitishi mlangoni, atajua njia ya kurudi. Tunatoboa ukuta, tunamtoa, tunaziba. Nani kawaambia mkazibue?"

"Hatukujua, bibi. Sasa nifanyeje? Kesho Bwana Shauri anakuja."

"Ulipokuwa unaziba, ulikaa nje au ndani?"

"Ndani."

Nesta aliacha kumenya. Alimtazama kitambo, kisha akainamia ungo wake.

"Ziba kwa nje. Nyumba itasimama."

Roda alishukuru akaondoka mbio. Nyumba itasimama! Hakusikia kingine.

Mchana huo ukungu ulishuka. Roda alipiga magoti nje ya ukuta, akaanza kujaza udongo. Tundu lilipobaki dogo, akasikia mtu ndani akipiga udongo kwa kiganja. Pa. Pa. Alifurahi. Kumbe Mwalimu naye ana utu.

"Bonyeza taratibu, Mwalimu," alisema.

Pa. Pa.

Akaweka bonge la mwisho. Akasukuma. Upande wa pili ukasukumwa. Kupitia udongo mbichi akahisi kiganja kimelala juu ya kiganja chake. Kilikuwa cha baridi. Vidole vilikuwa vinne.

"Mama Ezron," Danford aliita kutoka barabarani, nyuma yake, ufunguo mkononi. "Nimechelewa. Nikufungulie?"

Roda aliuondoa mkono ukutani, akarudi nyuma kwa magoti.

Jumamosi Bwana Shauri aliugonga ukuta kwa fimbo, akatikisa kichwa kukubali. Nyumba ikaachwa. Watu walishangilia, Danford akatoa hotuba ndefu ya kujisifu, na Roda, aliyeufia ukuta ule wiki nzima, hakutajwa. Alirudi nyumbani amenuna.

Osea alikuwa amesimama chumbani.

"Mama Ezron, huku umesiriba saa ngapi?"

Ukutani, kando ya kitanda upande anaolala Roda, palikuwa na kiraka cha udongo mbichi. Upana wake ulikuwa wa mlango mdogo, karibu na sakafu. Kilikuwa kimelainishwa vizuri kuliko kazi yoyote ya Roda.

Sasa ndipo alipokumbuka jinsi Nesta alivyomtazama aliposikia kwamba aliziba akiwa ndani: kama anayemtazama maiti anayesubiri kutobolewa ukuta.

Osea alikikwangua chote. Asubuhi walikikuta kimesiribwa upya. Akakikwangua tena, kikasiribwa tena. Mwishowe Roda, akilia kwa hasira na woga, alikivuta kitanda mpaka ukuta wa pili.

Kulipokucha, ukuta wa kwanza ulikuwa mkavu. Roda aligeuza kichwa kwenye mto, na shavu lake likagusa udongo mbichi, wa baridi, ukutani.