Ndoto ya Miraji

Haya yalimpata rafiki yangu Mwanamina wa Ruaruke, mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji. Mumewe, Miraji, alirudi kutoka vitani hana hata mkwaruzo, lakini halali. Kila akisinzia hushtuka akimwita ndugu yake Bashiru, aliyeuawa kwa risasi kando yake.

Mwanamina alikuwa amechoshwa na waganga. Mumewe alinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, hadi akatapika, akachanjwa mgongo mzima, wapi! Mganga wa nne, Bi Mwanahawa wa Maparoni, hakutoa dawa yoyote. Adhuhuri walipofika kwake alifunga mlango, giza likajaa nyumba nzima, akasema, "Mwanangu, nisimulie ndoto zako."

"Nimemkokota tangu jana, nije kusikiliza ndoto?" Mwanamina alifoka.

"Mwache aseme, mama."

Miraji akaeleza kwamba humwona Bashiru amesimama matopeni, amempa mgongo, naye Miraji hukimbia.

"Fumba macho umwone tena," Bi Mwanahawa akasema. "Leo usikimbie. Muulize anataka nini."

"Bashiru," Miraji aliita, "unataka nini, ndugu yangu?"

Kisha Mwanamina akasikia nyayo zikichomoka matopeni, moja baada ya nyingine, zikija, ilhali sakafu ilikuwa kavu. Zikakoma mbele ya mumewe. Miraji akashusha pumzi ndefu, akaanza kukoroma.

Mwanamina akaukimbilia mlango, akaufungua. Jua likaingia. Mumewe alikuwa usingizini, ngumi ameikaza. Akamfumbua vidole kimoja kimoja. Kiganjani mlikuwa na risasi, bado ina joto kali.