Nukta Mia Tatu za Mwakirunge

Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, Bi Eddah Kafedha alisimama katikati ya shamba lake kule Mwakirunge, ramani mkononi. Ramani ilisema hapo aliposimama hapakuwa na mti hata mmoja.

"Nihesabie wewe uliyesoma, mwanangu," alimwambia mgeni wake. "Mimi labda macho yangu yamekwisha."

Kuluthum Hamoud alihesabu. Mikorosho kumi na tisa, minazi thelathini. Alihesabu tena, na mara hii kwa hasira. Alikuwa mtakwimu, mzaliwa wa Frere Town, aliyetumwa na kamati ya ardhi kuikagua ramani hiyo kabla ya kikao cha Jumatano, saa nane mchana. Kanuni ya kamati ilikuwa moja: anayelima abaki, palipo tupu pachukuliwe na kampuni ya kokoto. Na ramani ilikuwa imepaka kijivu, rangi ya ardhi tupu, juu ya nyumba thelathini na mashamba yake yote.

Kuna wizi wa kuvunja mlango, na kuna wizi wa kupaka rangi. Huu wa pili ndio mbaya zaidi, maana mwizi wake huitwa mtaalamu.

Saa tano alikuwa Nyali, katika ofisi iliyochora ramani. Mkurugenzi, Ihsan, alimkaribisha kwa tabasamu pana. Ukutani nyuma yake ilining'inia kalenda ya ile kampuni ya kokoto.

"Bi Kuluthum, picha ya setilaiti haina chuki na mtu," alisema Ihsan. "Tena tumeihakiki. Kompyuta ilichagua nukta mia tatu kwa bahati nasibu, mtu wetu akaenda kwa miguu kwenye kila nukta na kuandika alichokiona. Mia mbili tisini na moja zimeafikiana na ramani. Asilimia tisini na saba! Wallahi, wapi utapata?"

"Makosa tisa tu, lakini minazi thelathini haikuonekana. Na hiyo kalenda?"

"Wamegawa mji mzima," alisema Ihsan, na tabasamu likamtoka. "Hata msikitini kwetu ipo."

Chumba cha pili alikuwamo Odhiambo, fundi wa picha, kijana wa Kisumu. Hakungoja kuulizwa mara mbili. Alifungua ramani yake ya kwanza, ya mwezi Machi. Shamba la Bi Eddah lilikuwa kijani kibichi, rangi ya miti na mazao.

"Madam, mimi niliitoa hivi. Halafu nikaletewa nukta za uwanjani zinazosema hapo ni tupu. Mashine hufundishwa kwa nukta. Ikabidi niifundishe upya."

"Kisha mkaitahini kwa nukta gani?"

Odhiambo aliinamisha kichwa. "Zile zile."

"Zile zile!" Kuluthum alipiga meza hata kikombe kikaruka. "Mwanafunzi mmempa majibu, kisha mnashangilia kuwa amepita! Watu wanakwenda kubomolewa kwa mtihani wa aina hii?"

"Niliambiwa muda hakuna."

"Nani aliziingiza nukta?"

"Neno la siri tunalijua watu watatu. Mimi, bosi, na Fidel wa uwanjani, yule aliyezizungukia nukta."

Fidel Nguma alikuwa mtu wa miaka ishirini na minane, mpole, mwenye kuongea chini chini. Alisimama mlangoni kwa adabu, kofia mkononi.

"Naam, Bi Kuluthum."

"Nukta ya 118 iliandikwa saa tano na dakika kumi na mbili. Ya 119, saa tano na dakika kumi na sita. Kati ya hizo mbili pana shimo la machimbo, nawe ulitumia dakika nne tu. Uliruka?"

"Saa ya simu ilikuwa mbovu. Na fomu nilimkabidhi bosi. Alichozifanyia baadaye mimi sikijui."

"Mwakirunge unaijua?"

"Mimi ni mtoto wa Changamwe. Huko nilikwenda kikazi tu."

Kuluthum aliondoka akimshuku Ihsan, na kwa kweli alitamani mkosaji awe ni yeye. Lakini kutamani si ushahidi.

Jumanne, baada ya adhuhuri, alizichapisha nukta zote kwenye karatasi moja kubwa, akaitandaza sakafuni kwake. Bahati nasibu haina adabu: hurundika tatu hapa, huacha pengo kule. Hizi zilikuwa zimekaa kwa nafasi sawasawa, kama kunde zilizopandwa kwa kamba. Hii haikuwa kazi ya kompyuta. Mtu alikaa kitini akazitia kwa mkono, moja moja, asiende popote.

Isipokuwa mahali pamoja. Nyuma ya shamba la Bi Eddah palikuwa na kipande kisichoguswa, kiasi cha sehemu moja katika sitini ya eneo lote. Kwa haki kilistahili kupata nukta kama tano. Hakikuwa na hata moja. Bahati ingeweza kukiruka hivyo mara moja tu katika mia moja na hamsini, na huyu mtu hakuruka pengine popote. Kwenye ramani hapakuwa na mto hapo, wala ukuta, wala jina.

Alipiga simu. "Shikamoo, mama. Nyuma ya mikorosho yako pana nini?"

"Marahaba. Pana kichaka. Hapo twazika wetu. Hapana saruji wala msalaba, ni mawe tu, mpita njia hawezi kujua. Na hapo mtu hasemi uongo, mwanangu. Koma, mizimu ya wazee wetu, wasikia. Hata mwizi wa korosho hupazunguka."

Kuluthum alikata simu, akairudia ile karatasi. Kumbe mwizi wa ramani naye alipazunguka.

Jumatano, saa nne unusu, aliwachukua wale watatu wenye neno la siri hadi Mwakirunge. Alimweka Bi Eddah upande wa pili wa kichaka, kisha akawaambia wanaume, "Mfuateni yule mama. Njia ya karibu."

Ihsan na Odhiambo walinyoosha moja kwa moja kuelekea kichakani.

"Rudini!" Bi Eddah alipaza sauti. "Hapo hapapitwi!"

Waliduwaa, mguu mmoja mbele. Fidel hakuwa nao. Alikwisha kushika njia ya mzunguko, ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Bi Eddah alimtazama akija, midomo ikimcheza.

"Wewe u mwana wa Mweri," alisema. "Mke wa shemeji yangu. Ulikuwa kitoto tulipomzika."

Fidel alisimama. Ule upole wote ulimtoka.

"Mlimzika, ndiyo! Hai mlimfukuza. Baba alipokufa mkasema mjane hana shamba. Tukalala chumba kimoja Changamwe, akafua nguo za watu hata kifua kikampasuka. Mkamrudisha akiwa maiti! Basi nikasema, kama si letu, liwe tupu."

"Tulikosa," alisema Bi Eddah polepole. "Wallahi, mwanangu, tulikosa."

"Na nyumba nyingine ishirini na tisa?" Kuluthum alimsogelea, sauti ikimtetemeka kwa ghadhabu. "Nazo zilimfukuza mamako? Watoto waliozaliwa jana nao?"

Fidel aliikunja kofia yake mkononi.

"Makaburi ukayaacha. Hukutia nukta hata moja."

"Sikuweza kumwandikia uongo mamangu. Nilimwachia mahali pake."

Kuluthum alimgeukia Odhiambo. "Mweleze mashine hufanya nini mahali pasipo na nukta."

Odhiambo alimtazama Fidel. "Haiachi wazi, bro. Inaangalia rangi ya kichaka, inalinganisha na ilichofundishwa jirani. Jirani uliiambia miti kama hii ni ardhi tupu."

Kuluthum alikunjua ramani mbele ya macho ya Fidel, akaweka kidole juu ya kichaka. Kijivu. Kijivu toka shimo la machimbo hadi barabarani, bila kuruka hata unyayo mmoja.

"Leo saa nane kampuni ingepewa ardhi hii," alisema. "Wiki ijayo katapila lingekuwa hapa. Lingemfukua."

Fidel alikitazama kile kidole. Kisha akakaa chini pale njiani.

"Nipe kalamu," alisema.

Aliandika maungamo yake kurasa mbili, akatia sahihi saa sita na dakika kumi. Ihsan alitia sahihi ya kuiondoa ramani, naye hakutabasamu tena. Kuluthum hakumsamehe hata mmoja wao, na Odhiambo naye aliambiwa hivyo waziwazi garini.

Saa nane kamili aliweka mezani pa kamati vitu viwili: maungamo, na ile ramani ya Machi. Kijani ilikuwa imefunika mashamba yote, na kichaka pia.