Kidevu Ndani, Albina

"Soma kwa sauti, Ndimyake. Usinisomee moyoni."

Ndimyake alikuwa amesimama pembeni mwa bwawa la hoteli pale Sumbawanga, upepo wa Ufipa unamkata masikio, simu ya Albina mkononi. Aliomba simu iishiwe chaji. Haikuishiwa.

"'Binti, nimeona video yako,'" akasoma. "'Nguvu unazo. Lakini kila ukigeuka ukutani unainua kichwa mapema, maji yanakupiga kifuani, mwendo unakufa. Nani alikufundisha hivyo? Kocha Debora.'"

"Haya. Mjibu kocha."

"Albi..."

"Mjibu!"

Jamani, angejibu nini? Miezi mitano alikuwa mwalimu wake wa kuogelea, mitatu kati ya hiyo mchumba wake. Na kosa aliliona siku ya kwanza kabisa. Albina kakulia Wampembe, na watoto wa ziwani hufundishwa mapema: ukiibuka, toa macho kwanza, mamba hapigi hodi. Basi binti akisukuma ukuta kwa miguu, kichwa juu! Ziwani kinaokoa maisha. Bwawani kinakula sekunde.

Ndimyake badala ya kumkosoa alimwambia, "Hapo hapo, safi sana."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Albina akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Jumamosi Kocha Debora angekuja kutoka Dar na saa yake, kuchagua waogeleaji. Mita mia kwa dakika moja na sekunde kumi na tano, unakwenda kambini Dar, miaka mitatu, na shule juu. Ukizidisha, unabaki. Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Kwa nini, Ndimyake? Nilikukosea nini?"

"Ungeondoka! Ungefika Dar ungeniona mshamba. Nimeshapeleka barua ya posa kwa baba yako, Albi. Nakupenda mpaka najiogopa."

"Kwa hiyo ukanifunga miguu kama kuku wa sokoni."

Albina akafuta kamasi kwa kiganja, akasimama, akaingia majini.

"Nifundishe. Safari hii kweli."

Akamfundisha. Wallahi alimfundisha kama mtu anayeungama.

"Kiganja juu ya kiganja! Mikono ibane masikio. Bana zaidi. Kidevu ndani, tazama sakafu ya bwawa. Sukuma, halafu nyooka kama mchi. Miguu yote miwili pamoja, kama mkia wa samaki. Usiibuke mpaka upite mstari mwekundu."

Akainama amshike kichwa, amwelekeze.

"Usinishike. Sema kwa mdomo."

Kufika Ijumaa jioni Albina alikuwa akiteleza chini ya maji hadi unamwonea wivu. Ndimyake akamtumia meseji: "Nisamehe mpenzi. Kesho utaweza."

Jibu likaja: "Tutaongea baada ya maji."

Jumamosi baridi iliwatetemesha hata waliovaa makoti. Mita mia kwenye bwawa lile ni kwenda na kurudi mara mbili, yaani kuta tatu. Filimbi ikalia.

Ukuta wa kwanza, Albina akanyooka vizuri. Wa pili, vilevile. Ndimyake alikuwa ameuma kofia yake kwa meno, na ukweli wa Mungu, aliomba ashinde.

Ukuta wa tatu pumzi zilikuwa zimekwisha. Na mwili ukichoka haukumbuki cha juzi, unakumbuka cha miezi mitano. Akasukuma, kichwa kikainuka.

"Kidevu ndani! Albina, kidevu ndani!"

Chini ya maji nani atasikia?

Kocha Debora akaitazama saa yake, akaitazama tena.

"Dakika moja na sekunde kumi na sita. Ukuta wa mwisho, binti. Pole sana. Mwakani nitarudi."

Ndimyake alimfuata na taulo. Aibu yake ni kwamba moyoni kulikuwa na kafaraja kadogo, na alikachukia.

"Tuna mwaka mzima, mpenzi. Tutajaribu tena."

Albina hakuipokea taulo. Alichukua simu, akapiga Wampembe.

"Baba, shikamoo... Hapana, sikupata. Sekunde moja tu... Baba, ile barua ya posa ya kina Ndimyake, warudishie... Ndiyo, nimefikiri... Hapana baba, hajanipiga. Angenipiga ningemjua mapema."

"Albi, nakuomba! Nakupigia magoti!"

Na kweli alipiga magoti, mbele ya kocha, waogeleaji wengine na wahudumu wa hoteli.

Albina alimgeukia. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele.

"Ulitaka nibaki Sumbawanga, Ndimyake. Haya, nimebaki. Ukinikuta njiani, nisalimie upite."

Akavaa sweta juu ya nguo mbichi, akatoka getini. Ndimyake hakumfuata. Angemfuata amwambie nini?