Mpaka wa Kibofu cha Mzee Hezroni

Mzee Hezroni anaishi Bombo, juu milimani. Analima tangawizi na maharage. Lakini watu wanamjua zaidi kwa mipaka. Majirani wakigombania shamba, yeye ndiye huitwa. Huja na fimbo yake, akainama na kutafuta masale, ile mimea inayopandwa mpakani.

"Sale halisemi uongo," husema. "Mwongo ni yule anayeling'oa."

Mwaka huu alianza kupata shida ya kukojoa. Akapimwa, akakutwa na saratani ya tezi dume. Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume, kipo chini ya kibofu cha mkojo.

"Tumeiwahi," daktari alimwambia. "Inatibika kwa mionzi."

Basi yeye na mkewe Honorata wakashuka mjini Same, wakapanda basi hadi hospitali kubwa. Huko walipokelewa na Devotha, binti mpole, mtaalamu wa mionzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo tunapiga picha ya kupangia matibabu. Kwanza nenda chooni umalize haja zote. Kisha unywe maji haya, vikombe vitatu, ubane mkojo kwa saa nzima. Usiende tena chooni mpaka nikuite."

Mzee Hezroni alicheka. "Mimi nimebana siri za Bombo miaka arobaini. Mkojo utanishinda?"

Baada ya nusu saa alikuwa amepishanisha miguu, macho ameyafumba.

"Baba Loth," mkewe alimuuliza, "mbona unatetemeka kama mbuzi wa Makanya, kule kwenye ukame, aliyeona mvua?"

"Nasali."

Akasali kidogo tena. Kisha akasimama ghafla. "Naenda kuangalia dirisha."

"Dirisha gani?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Aliporudi, uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Naona dirisha limekusaidia," Honorata alisema.

Devotha alipokuja, aliuliza, "Babu, umebana?"

"Nilibana," alijibu. Ni kweli, alibana. Hakusema tu mpaka saa ngapi.

Picha ikapigwa. Wakakaa kwenye benchi kusubiri. Mlango wa jirani ulikuwa wazi kidogo. Ndani, Daktari Vitus na Daktari Salha walikuwa mbele ya kompyuta.

"Kibofu cha mzee wa Bombo kinaishia hapa," alisema Daktari Vitus.

"Mimi nimechora chini yake," alijibu Daktari Salha. "Na tezi inaanzia wapi? Huu mpaka hauonekani."

Mzee Hezroni akainuka, akashika fimbo. "Mama Loth, chukua kikapu. Twende nyumbani."

"Kwani kuna nini?"

"Wanagombania mpaka! Na shamba lenyewe ni mimi!"

Honorata alimshika mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tukiondoka, ugonjwa utasambaa. Nibaki na nani nyumbani? Nizungumze na masale?"

Mzee Hezroni akasita, lakini hakukaa. Devotha aliwaona, akaja mbio.

"Babu, ukiitwa kwenye ugomvi wa shamba, unapima peke yako?"

"Hata kidogo! Mzee mwenzangu Eliufoo anapita peke yake, nami napita peke yangu. Kisha tunalinganisha."

"Na mkipishana?"

"Tunarudi kwenye masale mpaka tukubaliane."

"Na sisi ni hivyo hivyo. Mionzi inatakiwa ilenge tezi, isiunguze kibofu wala utumbo. Kwa hiyo daktari huchora kwa mkono mstari kuzunguka kila kiungo kwenye picha. Lakini macho ya watu wawili hayaoni sawasawa. Hata mtu mmoja, akichora leo na wiki ijayo, mistari inaweza kupishana kidogo. Ndiyo maana kuna mwongozo ulioandikwa, na daktari wa pili huchora wake, kisha wanalinganisha. Hawagombani, babu. Wanakulinda."

Mzee Hezroni alifikiri. "Sawa. Lakini mbona mpaka wangu hauonekani?"

"Kibofu kikijaa huwa kama puto, ukingo wake unaonekana vizuri. Chako kimesinyaa, kimeilalia tezi. Babu, ulibana kweli?"

Honorata akakohoa. "Mweleze habari za dirisha."

Mzee Hezroni akaegemeza fimbo ukutani, akakaa. "Mwanangu," alisema, "sale nimeling'oa mwenyewe."

Devotha alifunika mdomo ili asicheke. "Si aibu, babu. Wengi huzidiwa. Ungeniambia tu, tungejaza tena."

Wakajaza tena. Safari hii Honorata alianza kuimba polepole wimbo wa kwaya wa mto Yordani.

"Mama Loth! Imba wa jangwani!"

Picha ya pili ilipotoka, madaktari walichora tena, kila mmoja peke yake. Mistari miwili ya kibofu ilikaribia kulaliana. Kwenye tezi ilipishana kidogo, nao wakafungua mwongozo, wakajadiliana, wakabaki na mstari mmoja.

"Mmekubaliana?" Mzee Hezroni aliuliza.

"Tumekubaliana, mzee wetu," alisema Daktari Salha.

"Basi pandeni sale."

Matibabu yalichukua wiki kadhaa. Kila siku alikunywa maji yale yale na kusubiri muda ule ule, ili kibofu kikae kama kwenye picha. Kila siku Devotha alimuuliza, "Babu, umebana?"

"Ninabana!" alijibu. "Fanya haraka!"

Sasa yuko Bombo. Vipimo vinaonyesha ugonjwa umetulia, na kliniki haachi kwenda. Juzi jirani yake Sifael, ambaye naye ana saratani ya tezi, alimjia. Alikuwa anaenda kupigwa picha, na alikuwa na hofu.

"Kunywa maji, bana, sema ukweli," Mzee Hezroni alimwambia. "Madaktari wakilinganisha mistari, usikimbie. Ni kazi nzuri hiyo."

Akamsindikiza hadi mpakani, penye masale.

"Na Sifael, huko kuna dirisha. Usiende kuliangalia."