Meno ya Mzee Rubeni

Kornelio alipoifungua kalibu ya kumiminia meno ya bandia, meno yalitoka yakinuka ugoro. Akashangaa, maana nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuugusa.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia pale Lushoto, na mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, plasta ya kalibu ilikuwa haipatikani hata Tanga. Mkewe Dorkasi, sauti ya kwanza kwenye kwaya, alikuwa amebaki kibogoyo baada ya ugonjwa, na kwa aibu akaacha kuimba. Jambo hilo lilimuuma sana Kornelio. Kalibu pekee iliyobaki ilikuwa ya Mzee Rubeni wa Mlalo, mkali wa heshima kupita kiasi, aliyeleta meno yake ya bandia yaliyopasuka yatolewe mfano, akafa kabla hajayachukua. Wakamzika bila meno.

"Marehemu atayatafunia nini?" Kornelio alijisemea, akamimina humo meno ya mkewe.

Dorkasi aliyavaa mchana, ukungu umejaa mpaka kizingitini. Hakucheka. Alimtazama mumewe kutoka juu hadi chini.

"Kijana, mbona huniamkii?"

Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, yenye kikohozi. Kornelio alijaribu kuyachomoa yale meno, yakamng'ata kidole mpaka damu, na mkewe akawa analia kwa macho huku kinywa chake kikimkaripia kwa sauti ile ile, kikidai salamu, kikidai meno yake, mpaka Kornelio, Mlutheri wa kubatizwa, akakimbia kumwita mganga Selemani.

"Umemvalisha mkeo kinywa cha mtu," Selemani alinong'ona. "Mrudishie mwenyewe vyote."

Alisoma dua, akafukiza ubani, meno yakaachia. Siku hiyohiyo Kornelio akaenda Mlalo na kuyafukia kaburini, mapya kwa ya zamani, na kalibu akaivunja vipande vipande juu yake.

Asubuhi alimpelekea Dorkasi uji, roho imetulia.

"Umeamkaje, mke wangu?"

Dorkasi alimtazama tu, akisubiri, na harufu ya ugoro ikaanza kupanda polepole kutoka kitandani. Kornelio aliweka bakuli chini.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba."

Na ndani ya kile kinywa kisicho na hata jino moja, akasikia meno yakigongana.