Joyeuse wa Kwenye Mashine

Mwisho wa mwaka 2002, mvua ilimsukuma Joyeuse ndani ya salle ya Paulin, ukumbi wa michezo ya kompyuta karibu na soko la Butembo. Alivaa kikwembe cha kijani na libaya ya mikono mipana, na alitaka tu kuchaji simu. Nje groupe, jenereta ya umeme, ilinguruma. Ndani, mbele ya ordinateri moja ya michezo hiyo, aliketi Nzanzu, muuguzi mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.

Mchezo ulimpa mchezaji njia mbili: achukue shujaa aliye tayari, mwenye jina na historia yake, ama ajitengenezee wake, kuanzia pua mpaka viatu. Nzanzu siku zote alijitengenezea. Joyeuse alimwambia yeye angechukua aliye tayari, kwa sababu huyo angalau ana mama na kijiji. Walibishana mpaka mvua ikakatika, na aliporudi nyumbani namba ya Nzanzu ilikuwa tayari ndani ya simu.

Wakapendana. Kila jioni walipigiana simu, wakitaniana, Nzanzu akimwita Joyeuse chérie, mpenzi wake. Mpaka siku moja, kwa Paulin, Joyeuse akaona kwenye mashine ya Nzanzu shujaa mwanamke mwenye jina lake: ngozi nyeupe, nywele mpaka kiunoni, uso laini.

"Huyu ni nani?"

"Ni weye, chérie."

"Hapana. Huyu njo ule unatafuta. Mi niko na alama ya moto kwa shavu, na sikuombaka mutu anitengeneze upya."

Akaondoka. Nzanzu alipopiga simu, hakuipokea.

Wiki iliyofuata vita vya Ituri vikasogea. Watu waliokimbia kutoka huko walifika Mbau, kaskazini ya Beni, kwa maelfu, na Nzanzu akatumwa kuwatibu. Kisha habari zikaja kwamba kule risasi zililia, na simu yake haikupatikana tena. Siku nne Joyeuse hakulala. Siku ya tano alipanda lori la viazi mpaka Beni, akauliza kila mahali walipopokelewa wakimbizi.

Alimkuta kwenye uwanja wa parokia, alikokuja na wakimbizi kutoka Mbau, shati limejaa matope, anawanywesha wagonjwa. Mzima. Joyeuse akaketi chini palepale.

Nzanzu akachuchumaa mbele yake. "Nilimufuta yule wa kwenye mashine mbele ya kutoka Butembo," alisema. "Nilikosa. Sura yako njo nilikuwa naikumbuka kwa njia, yote, na ile alama."

Joyeuse alimshika mikono, akahesabu vidole vyake kama mama anavyomfanyia mtoto mchanga.

"Donc, sasa baba yangu anaweza kuja kuposa kwenu kijijini Masereka?" akauliza Nzanzu.

"Mwambie akuje."

Kisha Joyeuse akasimama, akachukua ndoo ya maji, wakarudi pamoja kwa wagonjwa.